Baba na Manowari ya Changzhou

Wenzangu wa kwaya, tangu turudi kutoka Guangzhou mmeniuliza kila Jumapili kama mzee aliiona meli yake au hakuiona, na kila Jumapili nimewajibu kwamba tulikwenda salama na tumerudi salama. Najua mmechoshwa na jibu hilo. Hata mimi limenichosha. Sasa nimekaa chini niandike yote mara moja, halafu tusirudie tena, hasa baba akiwa karibu. Habari za viza na tiketi naziruka. Kila anayekwenda China kununua mali anazijua na hazina utamu wowote.

Kwa wale mliojiunga karibuni na hammjui vizuri, baba yangu, Mzee Zakaria, alikuwa fundi wa injini katika jeshi la maji kwa miaka ishirini na sita. Walimu wake wa kwanza walikuwa Wachina, na yeye alikuwa kijana ambaye hata ndevu hazijaota. Alipostaafu akaja kulima hapa Morogoro, mbali kabisa na bahari. Maisha yake yote kazini alihudumia boti ndogo za doria. Manowari kubwa alizisikia tu kwa wenzake.

Mwaka jana mwanangu alimsomea kwenye simu habari ya frigeti za siku hizi, manowari zinazobeba makombora ya kuongozwa na zilizoundwa zisionekane kwenye rada. Akamsomea kwamba moja ya aina hiyo inaundwa Guangzhou, huko huko ninakonunua jinzi. Baba akamwambia arudie kusoma. Akaomba arudie mara ya tatu. Kisha kwa siku mbili nzima, mtu akimsemesha anaitikia kwa kichwa.

Wakati huo presha ya macho ilikuwa imeshaua jicho la kushoto, na la kulia lilibaki tundu. Mwenyewe alisema anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la inchi moja. Akikutazama anaona pua yako, au sikio, lakini si wewe mzima. Mimi nikasema twende Guangzhou, kuna hospitali kubwa za macho. Yeye akasema twende Guangzhou, kuna meli. Kila mmoja akabaki na safari yake, tukapanga sanduku moja.

Morogoro mpaka Dar

Alivaa suti yake ya kanisani na bereti ya kazini, ile nyeusi. Nikamwambia baba, bereti hiyo itatuletea maswali uwanjani. Akajibu kwamba aliirudisha ya serikali siku aliyostaafu, na hii aliinunua kwa pesa yake, kwa hiyo si ya mtu.

Treni ya umeme hakuipenda hata kidogo. Alikaa ameinamisha kichwa akitafuta injini, asiisikie. Akamuuliza jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa na mfuko wa nyanya, kama kweli tumeshaondoka. Yule mama akamwambia tumeshapita Ngerengere, babu. Baba akashika ukingo wa kiti chake na hakuuachia mpaka Dar. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba fundi mzima anaogopa treni, naye akanijibu kwamba chombo kisicho na sauti hujui kinaumwa wapi.

Addis Ababa

Ndege ya pili ilichelewa kwa muda wa saa tisa. Walitupa kuponi ya chakula, tukala wali mkavu na kipande cha kuku, na baba akazunguka sahani yake kwa uma kama mtu anayetafuta sarafu iliyopotea. Nilitaka kumlisha, akaniondoa mkono.

Pembeni yetu alikaa mfanyabiashara wa kutoka Bukavu, mama mnene mwenye maneno mengi, akielekea Guangzhou kununua vitenge na wigi. Alituchukulia kama ndugu zake. Alifungua chikwanga, ule mkate wao wa muhogo unaofungwa kwenye majani, akamkatia baba. "Papa, kula," akasema akionyesha sahani za shirika la ndege, "ile ya avion si chakula." Baba akala, akafurahi, akamweleza habari zote za meli: urefu wake, makombora yake, jinsi rada inavyoitafuta isiipate. Yule mama akasikiliza kwa adabu. Baba alipokwenda msalani nikimshika mkono, yule mama alinisubiri nirudi peke yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mzee iko sawa mu kichwa?" Nikamwambia yuko sawa kuliko sisi. Moyoni sikuwa na hakika sana. Mtu anakwenda kutibiwa macho na hajataja neno macho tangu tutoke nyumbani.

Liuhua

Hoteli ninayoizoea iko jirani na stesheni ya Liuhua, katikati ya masoko ya nguo. Peke yangu naipenda, kwa sababu natoka mlangoni nakuta kazi. Nikiwa na baba niliona balaa yake. Njia zote zimejaa mikokoteni ya marobota, na anayesukuma hasimami, anapiga kelele tu umpishe. Baba alisikia kelele ila hakujua zinatoka upande gani. Siku ya kwanza aligongwa mara tatu. Kila mara aliomba radhi yeye, kwa Kichina.

Kichina chake kiliwashangaza wengi. Miaka hamsini imepita na bado anakumbuka majina ya vifaa vya injini. Alijua kuomba spana namba kumi na saba na kusema mafuta yanavuja, lakini hakujua kuomba wali. Wahudumu wa hoteli walikuwa wakimwita aje mapokezi aseme tena "pampu ya sindano", wacheke, nao wampe maji ya moto. Maji ya moto aliyapenda. Alisema walimu wake hawakunywa mengine.

Mwenyeji wetu alikuwa Bi Salma, Mzanzibari anayesafirisha kago za Watanzania, ambaye ameishi kule muda mrefu na ndiye mkalimani wangu siku zote. Jioni ya kwanza alitupeleka kula. Pale Guangzhou mezani wanaleta birika la chai na bakuli kubwa tupu. Ile chai ya kwanza si ya kunywa. Kila mtu anasuuzia kikombe chake, sahani na vijiti, na maji yote machafu yanamwagwa kwenye lile bakuli. Nasi tukasuuza huku tukipiga soga. Nilipogeuka, baba ameinua bakuli kwa mikono miwili, analinywa.

Bi Salma akafunika mdomo. Meza ya jirani wakageuka. Baba akaweka bakuli chini, akajipangusa, akasema mchuzi wa hapa ni mwepesi lakini mzuri. Hakuna aliyemwambia. Bi Salma, Mungu ambariki, akalivuta lile bakuli kwake na kusema, "Ndo wanavyoanza watu wa huku, mzee wangu. Chakula chenyewe chaja." Chakula kilipokuja nililia kidogo nikisingizia pilipili.

Hospitali

Vipimo vilichukua asubuhi nzima. Kipimo kimoja wanakuweka kidevu kwenye mashine na kukupa kitufe, uone nukta ya mwanga ubonyeze. Baba alibonyeza kwa juhudi sana. Mhudumu akamwambia Bi Salma kwamba mzee anabonyeza hata pasipo na mwanga, aambiwe atulie. Aliambiwa. Akaendelea vilevile, kwa sababu aliamini anaona.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alizungumza na Bi Salma muda mrefu akituonyesha picha yenye duara jeusi na doa jeupe katikati. Niliona uso wa Bi Salma unabadilika kabla hajafungua mdomo. Akanigeukia mimi, si baba. "Kasema mshipa wa jicho ushakufa, mwanangu. Ukifa haurudi. Atampa dawa ya matone, ile nuru ilobaki isikimbie upesi."

Baba alikuwa amekaa wima, mikono magotini. "Muulize nimebakiza muda gani," akasema.

Bi Salma akauliza, akajibiwa. "Miezi, mzee wangu. Si mingi."

"Basi nipelekeni kwenye meli."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nimekwenda Guangzhou mara kumi na moja na sijawahi kujiona mjinga kama siku ile. Baba alinifuata akipapasa ukuta, akakaa karibu yangu. Mnajua kwamba ananiita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mamaye, Selina. Akasema mama, usilie, daktari wa Dar alishaniambia hivi tangu mwezi wa pili. Nikamuuliza mbona hakusema. Akaniuliza na yeye: ningekuambia, ungenileta? Wote wawili tulijua nisingemleta. Nilikasirika na nikamhurumia kwa pamoja, na vitu hivyo viwili vikiingia mwilini siku moja vinachosha kuliko homa.

Xintang

Ilibidi kwanza nikague jinzi zangu Xintang, kwenye karakana ninayoshonesha. Bi Salma alikuwa na kontena la kufunga siku hiyo, akasema tukikwama tumpigie. Nilimweka baba kwenye kiti karibu na mlango, nikaenda kuhesabu vifungo na zipu. Yule laoban wangu, ndivyo tunavyowaita mabosi kule, ni mtu wa maneno machache na hapendi wageni wakae karibu na mashine. Alimpa baba chungwa ili atulie.

Nikiwa katikati ya mabishano juu ya rangi, nikasikia baba anasema kwa Kichina chake, kwa sauti ya amri. Laoban akasimama. Baba akanyoosha kidole kwenye safu ya mashine na kurudia. Alikuwa anasema beringi imekwisha, mashine ya nne kutoka kwake. Laoban akacheka, halafu akaenda kuizima na kuifungua, na beringi ilikuwa imekwisha kweli. Mafundi wote wakaja kumtazama yule mzee mwenye bereti. Walimletea uji wa mchele wenye samaki. Akaomba sukari, wakashangaa, wakaleta, akatia vijiko vitatu, wakatazamana. Nilimwona baba akicheka kwa mara ya kwanza tangu hospitalini. Nikajiambia huyu mtu bado ni fundi, na pengine meli ataiona.

Kivuko cha Yuzhu

Kutoka Xintang tulipanda metro hadi Yuzhu, kisha tukatembea mpaka kivukoni. Upande wa pili wa mto kuna kisiwa cha Changzhou, na gatini kwenye kisiwa hicho ndipo zinapomaliziwa meli za kivita. Hakuna siri hapo. Watu wa kule wanavuka kila siku na mboga zao na pikipiki zao za umeme, na manowari iko mbele ya macho yao. Hawaitazami, kama sisi tusivyoutazama mlima Uluguru.

Ilikuwa saa nane mchana, ukungu mwembamba juu ya maji. Kivuko kilipofika katikati niliiona. Nisingependa kuwadanganya: mimi si mtu wa silaha, lakini ilinishtua. Ilikuwa ndefu kuliko uwanja wa mpira, ya kijivu, na ubavu wake wote umelala kwa ndani kama ukuta wa hema. Hapakuwa na kitu kilichotokeza. Hakuna madirisha ya duara, hakuna kamba, hakuna boti za kuokolea zinazoning'inia. Kila kitu kimefichwa nyuma ya milango bapa. Mbele mzinga mmoja ndani ya boksi lenye pembe, nyuma yake sehemu bapa sakafuni ambapo nadhani makombora yamelala, na juu mnara mmoja butu. Hata mtu mmoja sikumwona. Wale waliosema haionekani kwenye rada, nilielewa siku ile. Macho yenyewe yanateleza tu juu yake, hayapati pa kushika.

Nikamgeuza baba mabega, nikamwambia iko pale, mbele yako. Akavua miwani, akavaa, akavua. "Naona kijivu," akasema. Nikamsogeza kichwa kidogo kidogo. "Kijivu," akasema tena. Nilipokaribia kumfikisha kwenye mzinga, kivuko kikagonga gati na watu wakaanza kushuka.

Tukarudi na kivuko kilekile. Halafu tukavuka tena. Mpango wake ulikuwa huu: kwa kuwa tundu lake ni dogo na meli ni kubwa, ataitazama kwa vipande, kuanzia omo huko mbele mpaka tezi huko nyuma, kipande kimoja kila safari, na kichwani ataviunga. Alivyoeleza ilionekana ni kazi ya kawaida tu, kama kufungua injini na kuipanga sakafuni. Lakini kipande kinahitaji alama. Kila alipouliza yuko wapi sasa, mimi nilisema karibu katikati, yeye akasema katikati ya nini, anaona kijivu.

"Boti za kuokolea ziko wapi?" akaniuliza safari ya tatu. Nilimwambia hakuna. Akasema haiwezekani, meli haiendi baharini bila boti, nitafute nyuma ya bomba la moshi. Nikatafuta. Nikamwambia baba, kuna mlango tu. Akasikitika kwamba amemsomesha mtoto biashara badala ya vyombo.

Safari ya tano ndipo akili ilinijia. Kama kitu kikubwa hakiingii kwenye tundu, kifanywe kidogo. Nikatoa simu, nikapiga picha. Ilitoka safi kabisa, meli nzima kutoka omo hadi tezi, ndogo kama kidole changu. Ile ingeingia kwenye bomba lake la inchi moja bila shida. Moyo ulinidunda kwa furaha, nikasema tukifika ng'ambo namkalisha kivulini namwonyesha.

Mama mkata tiketi alikuwa ametuhesabu. Waafrika wawili, mmoja na bereti, wanavuka na kurudi na kuvuka, hawabebi mzigo, na sasa wanapiga picha manowari. Ningekuwa yeye ningepiga simu mapema zaidi. Tulipofika gatini, kijana mwenye sare alitusubiri. Hakufoka. Alionyesha simu yangu, akaonyesha meli, akatikisa kidole. Nikampigia Bi Salma, nikaweka spika ili aongee naye.

Waliongea kwa kirefu. Kisha Bi Salma akaniambia, "Kasema ni manowari, haipigwi picha, uifute mbele yake, na kule kwenye taka ya simu ufute pia. Hana nia mbaya." Nikamwomba amweleze kuhusu macho ya mzee, na kwamba namwomba dakika moja tu, nimsogezee baba picha aione, halafu nifute. Bi Salma akaeleza. Yule kijana akamtazama baba kwa muda. Akageuka kabisa, akatupa mgongo, akasimama kuutazama mto. Nikamwambia Bi Salma kwamba amegeuka.

"Katupa nafasi," Bi Salma akanong'ona simuni. "Fanya upesi."

Nikaifungua picha, nikaisogeza kwenye jicho la baba. Baba akafumba jicho.

"Futa, mama."

"Baba, ameruhusu. Amegeuka kusudi."

"Amegeuka, hajaruhusu." Alikuwa bado amefumba. "Mimi nimelinda geti la kambi kwa zamu miaka minne. Nilimnyang'anya mtu filamu yake akalia mbele yangu kama mtoto, na sikumwonea huruma, kwa kuwa ndiyo kazi. Leo niichungulie ya mwenzangu kwa wizi? Futa."

Nilimbembeleza. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia kwamba hakuna atakayejua, na kwamba hatapata nafasi nyingine duniani. Akasema anajua. Mkono wake ukaja ukapapasa mpaka ukaipata simu, akaifunika kwa kiganja kioo chote, akasubiri. Basi nikafuta. Nikafuta na kwenye taka. Nikamwonyesha yule kijana, naye akaangalia kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Ndipo baba akakaza mgongo, akagonga visigino, akampigia saluti. Ila kijana alikuwa ameshasogea kando kurudisha redio yake kiunoni, kwa hiyo saluti ilikwenda kwenye nguzo ya taa. Niliona na nikataka ardhi inimeze. Yule kijana naye aliona. Akarudi hatua mbili, akasimama mbele ya nguzo pale ilipoelekea saluti, na akaijibu.

Safari ya sita ilikuwa ya kurudi Yuzhu tu, na baba alikaa upande wa pili wa kivuko, uso kwenye injini. Alisema silinda moja ina kikohozi. Mpaka leo nina hasira naye kwa ajili ya ile picha. Namheshimu na nina hasira naye, na sijui nitaziweka wapi.

Morogoro tena

Matone yalishika mpaka mvua za vuli. Baada ya hapo tundu lilifunga, na sasa anaona mwanga wa dirisha tu. Hajalalamika. Anajua hatua za kwenda bombani na za kwenda kanisani, na akisikia pikipiki inapita barabarani anasema kinachoiumiza.

Jumamosi iliyopita walikuja wastaafu wenzake wawili, Mzee Hamisi wa Kihonda na Mzee Mgeta, ambao walitumikia naye boti moja. Walikuja rasmi, na mashati yamepigwa pasi, kusikiliza habari za manowari. Nikapika wali na samaki wa nazi, nikaweka chai. Mzee Hamisi akauliza picha iko wapi. Baba akajibu kwa fahari kwamba ile haipigwi picha.

Kisha akaanza kuwaeleza. Nilikuwa nimeshika birika mlangoni, nikasimama nisikie. Alisema meli ni ndefu hujapata kuona. Akasema vyumba vya pembeni vina madirisha ya shaba yanang'aa, na mabaharia wamejipanga sitahani wakiwa na kofia nyeupe, na kivuko kilipopita wakawapungia mkono. Akaeleza ngazi za kamba, bendera tatu, wapishi wanaomwaga maji tezini. Aliyaeleza yote kwa utaratibu, kutoka omo kuelekea nyuma, kipande baada ya kipande. Ilikuwa ni boti yao ya zamani, imerefushwa tu.

Wenzangu, pale ndipo nilipojua kwamba hakuona kitu. Katika safari zote zile hakuona hata kipande kimoja. Nikaliweka birika chini.

Mzee Mgeta ni mtu anayependa uhakika. Akasema lakini Zakaria, wajukuu wanasema hizi za siku hizi zinafichwa kila kitu ndani, hata boti za kuokolea hazionekani. Baba akasita. Akageuza uso kwenye mlango, si mahali nilipokuwa hasa, kidogo kushoto. Mzee Mgeta naye akanigeukia, akaniuliza, mwanangu Selina, wewe una macho mazima, boti ulizikuta?

Nikamwambia nilizikuta. Zilikuwa mbili, moja kila upande, zinaning'inia nyuma ya bomba la moshi.

Baba akaegemea kiti. "Nilimwambia atafute vizuri," akawaambia wenzake, na akaendelea na habari za injini.